Tachi inagoma ukiwa kwenye brauza? Pitia hapa kabla hujabadilisha kioo

Malalamiko ya tachi kwenye brauza ni yale yale kila siku. Ukurasa unarudi nyuma wenyewe, fomu inafutika, maandishi hayakuzi, linki haifunguki, simu inajibonyeza. Na ushauri wa kwanza ambao mtu anapewa mtaani nao ni ule ule, kabadilishe kioo. Hii inaniuma sana, maana kioo cha simu ya kawaida tu ni hela ya kula ya familia siku kadhaa, na mara nyingi hicho kioo hakina shida yoyote.

Kinachotokea ni kwamba kidole chako kimoja kinagombewa na wengi. Kioo kinakipokea, halafu mfumo wa simu, Android au iOS, unaangalia kwanza kama hiyo ni ishara yake (kurudi nyuma, kwenda mwanzo, kushusha arifa), na kinachobaki ndo brauza na ukurasa wanagawana. Ukijua ni nani kati yao kakichukua kidole chako umeshamaliza nusu ya kazi, na mara nyingi hutumii hata senti.

Anza na hili, dakika mbili tu

Futa kioo kwa kitambaa laini kikavu, vua kava, chomoa chaji. Sasa chukua ile ishara inayokusumbua, iwe kuswaipu, kuskroli, kukuza kwa vidole viwili au kushikilia, uifanye sehemu tatu. Kwanza nje ya brauza kabisa, kwenye picha za galari au menyu ya simu. Pili kwenye brauza ile ile ila tovuti nyingine. Tatu tovuti ile ile ila kwa brauza nyingine, kama ulikuwa Chrome jaribu Firefox au Opera.

Ikigoma kote, tatizo liko kwenye kioo au kwenye mfumo wa simu. Ikigoma kwenye brauza moja tu, ni brauza. Ikigoma kwenye tovuti moja tu, na kwa kila brauza, basi ni waliotengeneza hiyo tovuti, hata ukinunua simu mpya leo itagoma vile vile. Usiiruke hii hatua, huko chini kote nitakuwa nayatumia majibu yake.

Jambo lingine dogo: majina ya menyu hayafanani, Samsung wanaita hivi, Tecno na Infinix wanaita vile, kwa hiyo usihangaike kupekua. Kwenye mipangilio ya simu pale juu kuna sehemu ya kutafuta, andika neno la kitu unachokitaka kwa lugha ambayo simu yako iko, itakupeleka.

"Nikiswaipu kurudi ukurasa wa nyuma, brauza nzima inafunga"

Sababu inayoongoza ni kwamba hakuna ukurasa wa nyuma. Umefungua linki kutoka kwenye grupu la WhatsApp, ule ukurasa ndo wa kwanza kwenye kichupo (tab) chake, sasa ukirudi nyuma simu inakurudisha ulikotoka, yaani WhatsApp. Haijaharibika kitu. Rudi Chrome, gusa vidoti vitatu, ingia kwenye historia au vichupo vya hivi karibuni, utaukuta ukurasa wako. Kwenye Safari ya iPhone fungua ile sehemu inayoonyesha vichupo vyote, shikilia alama ya kujumlisha, inakuletea orodha ya ulivyofunga karibuni.

Sababu ya pili ni kingo za kioo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 simu inayotumia ishara badala ya vitufe vitatu vya chini inasoma kingo zote mbili kama kurudi nyuma, kushoto nyuma, kulia nyuma vile vile. iPhone sio hivyo, Safari ukivuta kutoka ukingo wa kushoto unarudi, ukivuta kutoka kulia unaenda mbele. Sasa mtu aliyehama kutoka iPhone kuja Android anavuta kulia akitegemea kwenda mbele, anarudishwa nyuma, anavuta tena, brauza inafunga, anasema tachi imekufa. Kwenye Android kwenda mbele unagusa vidoti vitatu vya Chrome, mshale unaoangalia kulia upo pale juu kabisa ya menyu.

Hapa hapa ndo wanapoingia wale wanaolalamika kwamba wakitaka kuona picha inayofuata kwenye tovuti ya kuuza magari au nguo ukurasa unatoka. Picha zinaslaidi kwa kidole, ndio, ila ukianzia pembeni kabisa mfumo wa simu unakichukua kidole kabla brauza haijakiona. Anzia katikati ya picha. Kama kidole chako ni kikubwa au simu ni nyembamba, tafuta kwenye mipangilio ishara za mfumo, pale kwenye Android nyingi kuna kupunguza wepesi wa kingo, na kwa baadhi wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake. Ishushe mpaka ya chini uone. Ikishindikana rudisha vile vitufe vitatu vya zamani, hakuna aibu, mimi nawashauri wazee wote wabaki navyo kwa sababu kitufe unakiona na ishara huioni.

Sababu ya tatu, kidole kimepita juu ya sehemu ya kuandikia anwani. Kwenye Chrome ya Android ukiswaipu kushoto au kulia juu ya ule mstari wa anwani unahama kichupo, na Safari ya iPhone ni hivyo hivyo tangu mwaka 2021 anwani ilipohamia chini. Mtu anaona ukurasa mwingine kabisa umetokea anadhani wa kwanza umepotea. Swaipu upande wa pili, uko pale pale.

Ya mwisho, hauko kwenye brauza. Linki uliyoigusa ndani ya Facebook, Instagram au TikTok inafunguka kwenye kidirisha cha ndani ya programu hiyo hiyo, na kile kidirisha kina tabia zake, ukivuta vibaya kinafunga na huwezi kukipata tena. Kabla hujaanza kusoma kitu cha maana au kujaza chochote, gusa vidoti vitatu vya pale juu uchague kufungua kwenye brauza ya nje.

Kwa iPhone isiyorudi nyuma kabisa: angalia mshale wa kurudi, ukiwa umefifia maana yake linki ilifunguka kwenye kichupo kipya na hakuna historia, funga kichupo hicho. Mshale ukiwa umekolea na kuswaipu bado hakufanyi kazi, vua kava, kuna kava zina ukuta mnene pembeni kidole hakifiki ukingoni.

"Ukurasa unarifreshi wenyewe, fomu yote inafutika"

Hili ndo linaloumiza watu kuliko yote. Mtu yuko anajaza maombi ya mkopo wa chuo, au ya kazi, amekaa saa nzima na bando linaisha, anataka tu kupanda juu kuhakiki jina lake, anavuta, kale kamshale ka mviringo kanatokea pale juu, kanazunguka, kila kitu cheupe.

Chanzo kikuu ni ile ishara ya kuvuta chini ili kurifreshi. Chrome ya Android inayo, Safari ya iPhone inayo tangu iOS 15. Inafanya kazi pale tu ukurasa ukiwa umeshafika juu kabisa halafu ukaendelea kuvuta chini. Kwa hiyo jifunze hili kwa mkono mpaka likae: ukiona kamshale kameanza kutokea usinyanyue kidole. Kisukume kidole kurudi juu kikiwa bado kimegusa kioo, kamshale kanarudi kalikotoka, halafu ndo unanyanyua. Kwa Chrome rifreshi inatokea ukiachia, sio ukivuta. Lijaribu sasa hivi kwenye ukurasa wowote usio na kitu cha kupoteza, mara chache tu vidole vinazoea.

Kuna tovuti nyingine ukurasa wenyewe hausogei, kinachosogea ni kisanduku kilichopo ndani yake. Brauza inaona ukurasa uko juu kabisa muda wote, kwa hiyo ukivuta chini kidogo tu nje ya kile kisanduku, rifreshi. Utaijua tovuti ya aina hii kwa sababu kichwa chake hakisogei hata ukiskroli sana na inarifreshi hata ukiwa katikati ya fomu. Dawa ni kuweka kidole ndani ya kisanduku chenye fomu, na kuvuta taratibu, sio kurusha kidole.

Ukitaka kuizima kabisa, Firefox ya Android inakuruhusu. Ingia mipangilio yake, sehemu ya kubadilisha mwonekano, kuna kipengele cha ishara, toa tiki kwenye kuvuta ili kurifreshi. Ndo maana kwa mtu anayejaza fomu nyingi kwa simu mimi namwambia aweke Firefox kwa ajili ya fomu tu, mambo mengine aendelee na brauza yake.

Chanzo cha pili wala sio kidole. Simu yenye ramu ndogo, ya GB 1 au 2, ukitoka kwenye brauza kwenda kuangalia SMS ya namba ya uthibitisho au kunakili namba ya kitambulisho, simu inaitoa brauza kwenye kumbukumbu ili programu nyingine ipate nafasi, ukirudi ukurasa unapakia upya. Ukiona inafutika kila ukitoka na kurudi, na sio wakati wa kuskroli, ni hii. Funga programu zote kabla ya kuanza. Namba hiyo ya SMS isome kwa kushusha arifa kutoka juu ya kioo bila kutoka kwenye brauza. Android tangu toleo la 7 inaweza pia kugawa kioo mara mbili, brauza juu na notisi (programu ya kuandikia maelezo) chini, simu ikiweza hiyo itumie.

Na maelezo marefu, barua ya maombi, wasifu, yaandike kwanza kwenye notisi halafu uyabandike. Hiyo haihitaji hata kujua chanzo ni kipi.

ONYO: ukurasa wa malipo ukirifreshi katikati usirudie kubonyeza lipa. Angalia kwanza SMS ya mtandao wako wa simu au ya benki kama hela imetoka. Kama imetoka na tovuti haijui, hapo hakuna ishara ya kidole itakayosaidia, piga huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala.

"Maandishi hayakuzi" au "kila kitu kimekuwa kikubwa hakirudi"

Haya ni matatizo mawili tofauti ila watu wanayaleta pamoja.

Kutokukuza: angalia jibu la lile jaribio. Kama galari inakuza picha vizuri na tovuti moja tu inagoma, mwenye tovuti amezuia kukuza. Wapo wengi wanaofanya hivyo wakidhani ukurasa utaonekana kama programu, na wanamnyima mtu mwenye macho hafifu haki yake ya kusoma, kwa kweli hili silielewi. Safari iliacha kuwatii kuanzia iOS 10, mwaka 2016. Chrome ya Android bado inawatii mpaka uiambie isiwatii: vidoti vitatu, mipangilio, ufikivu (Accessibility), kuna tiki ya kulazimisha ukuzaji. Weka hiyo tiki uiache hapo milele. Sehemu hiyo hiyo unaweza pia kuongeza ukubwa wa maandishi ya tovuti zote, ambayo kwa kusoma habari ndefu ni bora kuliko kukuza kwa vidole, maana ukikuza kwa vidole unabaki unavuta ukurasa kushoto kulia kila mstari.

Kama umeshika simu mkono mmoja na mwingine una mtoto au kikapu, Chrome ina ishara wengi hawaijui. Gusa mara mbili haraka, ile ya pili usinyanyue, telezesha kidole juu au chini, na kwa kurasa ambazo bado zinakubali kugusa mara mbili ukurasa unakua na kupungua kwa kidole kimoja.

Galari nayo ikigoma kukuza? Basi huenda TalkBack (zana inayosoma kioo kwa sauti) imewashwa, nitaieleza hapo chini, au kioo hakisomi vidole viwili kwa pamoja, na hilo hutokea sana kwa vioo kopi vilivyobadilishwa. Hapo ni kwa fundi.

Upande wa pili, kila kitu kikubwa. Angalia saa na alama ya betri pale juu. Navyo vimekuwa vikubwa au vimetoka nje ya kioo? Basi sio brauza, ni kikuzaji cha mfumo wa simu. Kwenye Android kinawashwa mara nyingi kwa kugusa kioo mara tatu haraka, rudia hivyo hivyo kitazima, au tumia vidole viwili kusogea mpaka ufike kwenye mipangilio. iPhone unagusa mara mbili kwa vidole vitatu. Ukishatoka nenda kwenye ufikivu ukizime, la sivyo mtoto akichezea kitarudi. Kama saa iko kawaida na ukurasa tu ndo mkubwa, bana vidole au gusa mara mbili kwenye sehemu tupu.

"Nikigusa linki inajizungushia mraba tu, haifunguki, na simu inaongea"

Hiyo ni TalkBack kwa Android, VoiceOver kwa iPhone. Kioo chako hakina shida kabisa. Hii ni zana ya wasioona, inasoma kila kilichopo kwenye kioo kwa sauti, na kwa hao watu ndo simu yenyewe. Ikiwashwa ishara zote zinabadilika: kugusa mara moja ni kuchagua, mara mbili ni kufungua, na kuskroli ni kwa vidole viwili kwa Android, vitatu kwa iPhone. Asiyejua anaskroli kwa kidole kimoja, haisogei, anagusa, haifunguki, na sauti ya simu akiwa ameizima hata haisikii ikiongea, anabaki na ule mraba tu. Wapo waliobadilishiwa kioo kwa ajili ya hili na simu ikarudi na mraba wake vile vile.

Inawashwa kwa bahati mbaya mfukoni, kwa kubana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja. Kuizima ni hivyo hivyo, bana kuongeza na kupunguza kwa pamoja sekunde kama tatu. Ikikataa, nenda mipangilio, ufikivu, kwa mwendo wake: gusa kitu mara moja, mraba ukikaa juu yake gusa mara mbili haraka popote. Kufungua kioo unapandisha kwa vidole viwili, na tarakimu za PIN kila moja ichague kisha gusa mara mbili. iPhone ni kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, au cha mwanzo kwa zile zenye kitufe, kama hiyo njia ya mkato imewekwa. Isipokuwepo mwambie Siri aizime.

Kama simu mnatumia na ndugu asiyeona, usizime na kuondoka. Muulize kwanza, na ukimaliza mrudishie.

"Nagusa hiki kinafunguka kile", "nashikilia linki menyu haiji"

Kugusa kosa, mara nyingi sana, ni tangazo lililochelewa kupakia. Maandishi yametokea, umelenga linki, sekunde ile ile picha ya tangazo inaingia juu yake na kila kitu kinashuka, kidole kinatua kwenye tangazo. Subiri ukurasa utulie, ule mstari wa kupakia uishe. Mtandao ukiwa wa taabu subiri zaidi. Njia ya uhakika ni kuishikilia linki badala ya kuigusa, menyu ikija inaonyesha anwani yake pale juu, isome, ndo uchague kufungua kwenye kichupo kipya.

Menyu isipokuja kabisa: kidole kinasogea wakati umeshikilia, na brauza inadhani unaanza kuskroli. Weka simu mezani ujaribu. Wenye mikono inayotetemeka waingie ufikivu wa simu, kuna muda wa kugusa na kushikilia, mfupi, wa kati, mrefu, upunguze. iPhone nayo ina mpangilio wa kasi hiyo kwenye ufikivu, sehemu ya kugusa. Na zipo tovuti zilizozuia kushikilia ili usinakili maandishi yao, huna la kufanya hapo.

Kugusa kunakochelewa kidogo tu, kila mara, kwenye tovuti moja ya zamani: brauza inasubiri kama milisekunde 300 ione kama utagusa mara ya pili ili ikuze. Chrome iliacha kusubiri mwaka 2014 kwa kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya simu, zile ambazo hazijatengenezwa hivyo bado zinasubirisha. Simu haina kosa.

SIMAMA HAPO: ukurasa ukikuambia simu yako ina virusi, unatetemesha simu na kila ukigusa unakurudisha pale pale, usibonyeze sawa, usibonyeze hata kile kialama cha kufunga kilichopo ndani ya ukurasa. Nenda kwenye vichupo uutupe wote. Ukigoma zima data kwanza. Usiinstoli chochote ulichoambiwa uinstoli. Kama ulishainstoli na simu ina programu ya benki au ya hela, kaa mbali na hizo programu mpaka mtu anayejua aisafishe.

"Simu inajiskroli na kujibonyeza yenyewe"

Sasa hapa ndo kioo kinaweza kuwa kibovu kweli, ila nenda kwa hatua.

Kioo cha simu za leo kinasoma badiliko dogo la umeme pale ngozi inapokigusa, kwa hiyo chochote kinachovuruga umeme au kinachofanana na ngozi kinakichanganya. Cha kwanza ni chaja. Simu ikitulia ukichomoa chaji na ikipagawa ukirudisha, ni chaja au waya, zile za bei ya kutupa hazichuji umeme vizuri. Jaribu chaja nyingine nzuri, imeisha.

Cha pili ni maji, jasho na mafuta. Mtu wa Dar au Mombasa mwezi wa pili, mkono unatiririka, kioo kina chumvi. Kifute vizuri, mikono pia. Cha tatu protekta, hasa iliyoingia vumbi au maji chini yake, au ya glasi nene ya kubandikwa kwa gundi. Itoe ujaribu kioo kitupu. Kama ni kinyume, kioo hakisikii tangu uweke protekta, Samsung wana swichi ya kuongeza wepesi wa tachi kwenye mipangilio ya kioo, na simu nyingine zina kitu kama hicho. Cha nne joto, imekaa juani au kwenye dashibodi, iache ipoe yenyewe, usiiweke friji.

Bado? Pata ushahidi. Kwenye Android ingia kuhusu simu, gusa namba ya muundo (Build number) mara saba, menyu ya wasanidi programu (Developer options) inafunguka, humo washa kiashirio cha mahali pa kugusa (Pointer location). Sasa kila mguso unachorwa mstari kwenye kioo. Weka simu mezani, usiiguse, itazame. Mistari ikijichora yenyewe, na kila mara eneo lile lile, ni kioo. Isipojichora hata mmoja na bado kurasa zinasogea, kuna programu inayofanya hivyo, washa simu kwa hali salama (safe mode) kwa kushikilia chaguo la kuzima mpaka iulize, uone kama inatulia, halafu uanze kufuta ulizoinstoli karibuni. Kwa iPhone hakuna hiyo menyu, tumia njia ya zamani ambayo inafaa simu zote: shikilia ikoni ya programu, izungushe taratibu kioo kizima, itakapokuponyoka sehemu ile ile kila mara, hapo pamekufa.

SIMAMA HAPO, hizi sio za kujaribu mwenyewe:

Kioo kimenyanyuka pembeni au mgongo wa simu umetuna, ukiiweka mezani inayumba. Betri imevimba na inasukuma kioo kwa ndani, ndo maana tachi imepagawa. Zima, usichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe, iweke mbali na godoro na mapazia, ipeleke kwa fundi. Betri ya lithiamu ikipasuka inawaka.

Simu imeingia maji na tachi imeanza kucheza. Zima, usichaji. Mchele hausaidii, unaingiza unga kwenye matundu, Apple wenyewe wanakataza.

Simu inajibonyeza na ina programu ya benki au laini yenye hela. Izime mara moja, ikigoma kuzima kwa kugusa, kwa Android nyingi shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti mpaka kioo kiwe cheusi, nyingi hujiwasha tena zenyewe, kwa hiyo toa laini hapo hapo.

Opera Mini, kwa kifupi

Picha haziteleziki, menyu za tovuti hazishuki, ramani haisogei, na Chrome mambo yote sawa. Umeweka ule uokoaji wa data wa hali ya juu kabisa. Ukurasa unabanwa kwenye seva za Opera ndo unaletewa, na sehemu kubwa ya vitu vinavyosikiliza kidole inabaki huko huko. Shusha uokoaji kwa tovuti hiyo, kisha urudishe, bando nalo ni la kutunza.

Ukifika kwa fundi

Mwambie ulichokiona, usimwambie kioo kibovu. "Mistari inajichora juu kulia hata bila chaji" inampeleka moja kwa moja, "tachi mbovu" inampeleka kwenye kuuza kioo. Toa laini na memori kadi, hifadhi picha na namba mahali pengine, na PIN ya hela haitajwi kwa mtu, fundi hahitaji hiyo kujaribu tachi. Akitaka kufuta simu yote hakikisha kwanza unakumbuka akaunti ya Google na neno la siri lake, kwa sababu tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu ikifutwa kwa vitufe inaweza kuidai ile akaunti ya zamani, na usipoijua unabaki na simu iliyofungwa.

Muulize kioo anachoweka ni orijino au kopi, bei zinatofautiana na tachi zake pia. Kabla hujalipa, iwe Kariakoo, Luthuli au kijiweni kwako, isimamie hapo hapo: zungusha ikoni kioo kizima mpaka pembe zote nne, kuza picha kwa vidole viwili, andika neno refu ukipita herufi za pembeni, fungua brauza uvute kutoka kingo zote mbili. Halafu chomeka chaji uyarudie yote.